Tundra nayo ni nchi ya mvua kidogo

Mhariri,

Ukurasa wenu wa elimu ulichapa hivi karibuni jedwali la safu mbili, tundra (ile nchi ya baridi isiyo na miti huko kaskazini ya mbali) upande mmoja na jangwa upande wa pili. Chini ya tundra mliandika: baridi kali, maji mengi. Chini ya jangwa: joto kali, hakuna maji. Jedwali kama hilo mjukuu wangu analo kwenye daftari lake la jiografia, na alipoandika katika zoezi kwamba tundra hupata mvua kidogo kama jangwa, aliwekewa kosa. Binti huyo alikuwa amejibu sahihi. Nakuandikia kwa ajili ya wanafunzi wengine walio kama yeye ambao husoma gazeti hili, na kwa sababu kupima mvua ndiyo kazi iliyonilea na kunisomeshea watoto hapa Tabora mpaka nilipostaafu.

Mpimaji wa hali ya hewa husoma vyombo vyake saa tatu asubuhi, jua liwake au mvua inyeshe. Kuna kipimamvua, kuna vipimajoto ndani ya kijumba cheupe chenye kuta za mbao za kupitisha hewa, na kando yake kuna beseni pana la chuma lililojaa maji. Wageni waliotutembelea waliuliza mara nyingi kama beseni lile ni la kunywea ndege. Beseni lile hupima upande ambao watu hawaufikirii: maji yanayoondoka. Unalijaza mpaka alama, kesho yake unakuta yamepungua, unaandika milimita zilizokwenda hewani. Ukitaka kujua nchi ni kavu au imelowa, mvua peke yake haikwambii. Lazima ujue imeingia ngapi, na anga la mahali pale lina uwezo wa kuvuta ngapi. Jedwali lenu lilitazama maji yaliyoko chini, likasahau kuuliza yalitoka wapi na kwa nini hayaondoki.

Chukua miji miwili. Khartoum, mji mkuu wa Sudan, uko katika ukanda wa Sahara. Utqiaġvik, ambao zamani uliitwa Barrow, uko Alaska kwenye ncha ya kaskazini kabisa ya Marekani, latitudo ya digrii 71, katika tundra tupu isiyo na mti. Kwa wastani wa miaka mingi kila mmoja wa miji hiyo hupata chini ya milimita 200 za mvua na theluji kwa mwaka. Tabora tunapata karibu 900 hadi 1,000, takriban zote kati ya Novemba na Aprili. Desemba moja njema ya hapa kwetu inaweza kuleta maji ambayo Khartoum au Utqiaġvik huyakusanya kwa mwaka mzima.

Vitabu vingi vya shule huweka mpaka wa jangwa kwenye milimita 250 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho Utqiaġvik imo ndani, na sehemu kubwa ya tundra ya Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, imo pamoja nayo. Jangwa kubwa kuliko yote duniani ni Antaktika, bara la ncha ya kusini, kilomita za mraba zipatazo milioni 14, karibu lote limefunikwa na barafu. Sahara, yenye kama milioni 9, takriban Tanzania kumi, inaongoza kwa majangwa ya joto tu. Hata mchanga ambao kila picha ya jangwa hutuonyesha hauchukui zaidi ya robo hivi ya Sahara. Sehemu kubwa iliyobaki ni changarawe, miamba na nyanda ngumu.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu niliulizwa na walimu zaidi ya mmoja: theluji yote ile tunayoiona kwenye picha je? Theluji hupimwa kwa kuyeyushwa. Theluji mpya yenye kina cha sentimita 10 ikiyeyuka hutoa takriban sentimita moja ya maji, pengine pungufu. Tena ile inayoonekana pale Utqiaġvik mwezi Aprili haikuanguka Aprili. Nyingine ilidondoka Oktoba, ikakaa, upepo ukaihamisha na kuirundika huku na kule, ikangoja mpaka Juni. Ni kidogo kilichotunzwa kwa muda mrefu.

Sasa nije kwenye maji yenyewe. Ukifika tundra mwezi Julai utakuta vidimbwi mpaka upeo wa macho, ardhi inayobonyea chini ya buti, na mbu kwa mawingu. Khartoum ukiuacha Mto Nile na mifereji yake unakuta vumbi. Mvua ni karibu sawa, nchi ni mbili tofauti. Sababu ziko mbili.

Ya kwanza ni lile beseni. Khartoum mwezi Mei joto la mchana hupita nyuzi 40, hewa ni kavu, upepo unavuma, na beseni la maji lingeshuka upesi kuliko unavyoweza kulijaza. Utqiaġvik mwezi Julai, mwezi wao wa joto, wastani ni kama nyuzi 5 juu ya sifuri, na Februari ni kama 25 chini ya sifuri. Hewa baridi hubeba unyevu kidogo sana, kwa hiyo haina njaa ya maji. Wataalamu wa nchi kavu wana hesabu yao: mvua ya mwaka hugawanywa kwa kiasi ambacho anga lingeweza kukivuta kama maji yangekuwapo. Jibu likiwa chini ya 0.65 mahali hapo ni nchi kavu, likishuka chini ya 0.20 ni kame, na chini ya 0.05 ni jangwa lisilo na huruma. Khartoum imekaa chini kabisa ya ngazi hiyo. Tundra kwa kawaida haimo kwenye ngazi hiyo, kwa kuwa ingawa kinachoingia ni kidogo, kinachotolewa ni kidogo zaidi.

Ya pili iko chini ya miguu. Ardhi ya tundra imeganda mwaka mzima, kwa mamia ya mita katika sehemu nyingi. Kiangazi chao kifupi huyeyusha ngozi ya juu tu, nusu mita hivi, pengine hata hiyo haifiki, na maji yakishuka yanakutana na sakafu ya barafu. Hayana pa kwenda. Mtu wa Tabora hana haja ya kusafiri ili aelewe jambo hili. Aende mbugani Igunga, upande wa Wembere, mwezi Februari, akasimame kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaokataa kupitisha maji, kisha apande kwenye kilima cha kichanga chenye miyombo ambako mvua ileile imezama chini ndani ya saa moja. Mvua moja, sakafu mbili. Kwao sakafu ni barafu.

Na kwa nini mvua ni kidogo kote kuwili? Hapa jangwa na tundra vinakutana kwa namna ambayo jedwali lenu halikuigusa. Mvua huja pale hewa inapopanda. Inapopanda inapoa, na mvuke unageuka mawingu. Karibu na ikweta jua hupasha ardhi, hewa inapanda, tunapata mvua. Hewa hiyo ikishamwaga maji yake husafiri juu kwa juu, kisha hushuka kwenye latitudo za digrii 30 hivi, kaskazini na kusini. Ikishuka inapata joto na kukauka zaidi. Chini ya hewa hiyo inayoshuka ndiko zilikojipanga Sahara, majangwa ya Uarabuni na ya Australia, na Kalahari. Kwenye ncha za dunia nako hewa hushuka, safari hii kwa uzito wa baridi, nayo haina unyevu wa kutoa. Kuna majangwa mengine yenye sababu zake, kama Namib na Atacama zilizo kando ya mikondo ya bahari ya maji baridi, au Gobi iliyo mbali na bahari na nyuma ya milima. Lakini mwanafunzi akishika hilo la hewa kupanda na kushuka, ramani nzima ya mvua duniani inampa majibu bila kukariri.

Tena nchi yetu ina mfano wa kumwonyesha. Kilimanjaro huanza na migomba na kahawa, hupita msitu mnene wa mvua, na juu ya mita 4,000 hivi unaingia uwanda mkavu wa mawe kati ya Kibo na Mawenzi. Mchana jua linachoma, usiku maji yanaganda. Waongoza watalii hupaita jangwa, na wako sahihi, ingawa baridi ya pale ingetosha kuitwa tundra ya mlimani. Mimea michache iliyoko imejibana chini, ina manyoya au majani manene. Mwanafunzi wa Moshi akiinua macho siku ya anga safi anaona vyote viwili mahali pamoja, na mita 5,895 za mlima ule hazijawahi kumtaka achague kimoja.

Kuhusu viumbe sitakaa sana, kwa kuwa jedwali lenu halikukosea: mliandika mbweha kila upande. Ningeongeza tu kwamba mbweha wa Aktiki ana masikio mafupi ya mviringo ili joto lisimtoke, na mbweha mdogo wa Sahara ana masikio makubwa ya kulitoa, lakini wote wawili wana manyoya chini ya nyayo, mmoja kwa sababu ya barafu, mwingine kwa sababu ya mchanga unaounguza. Ngamia na kulungu wa Aktiki anayefugwa kaskazini wana pua zenye njia za ndani zilizokunjwakunjwa. Pumzi inayotoka hupozwa mle na kuacha unyevu wake kabla haijafika nje. Ngamia anaokoa maji, kulungu anaokoa joto na maji pamoja.

Mimea inastahili neno zaidi, maana hapa ndipo tofauti inapokuwa ya kweli. Jangwani kuna mimea mingi ya msimu mmoja. Mbegu hulala ardhini miaka na miaka, mvua moja ikinyesha zinaota, zinachanua, zinazaa na kufa ndani ya wiki chache. Jangwa la Atacama hufunikwa na maua katika miaka michache yenye mvua, kisha linarudi kuwa vumbi. Tundra mimea ya namna hiyo ni adimu mno. Siku za kukua ni 50 au 60 tu kwa mwaka katika sehemu nyingi, na mbegu haiwezi kuota, kukua na kuzaa katika baridi ile kwa haraka hiyo. Kwa hiyo karibu mimea yote ya tundra huishi miaka mingi, ikijiongeza kidogo kidogo kila kiangazi. Mmea wa jangwani unangoja maji na mmea wa tundra unangoja joto. Miyombo yetu inanishangaza kila mwaka kwa sababu haingoji: Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa kavu kabisa, yenyewe inatoa majani mapya mekundu kabla mvua haijafika.

Sasa niseme jambo ambalo mpimaji wa mvua hulisema kwa uzito. Katika nchi hizi mbili mvua inaweza kuwa msiba. Rasi ya Yamal, kaskazini mwa Urusi, wenyeji wa huko waitwao Wanenets hufuga kulungu wa Aktiki ambao wakati wa baridi huparua theluji kwa kwato na kula likeni, vimea vidogo kama ukoga, iliyo chini yake. Novemba 2013 ilinyesha mvua ya maji juu ya theluji, kisha baridi ikarudi na yote ikaganda kuwa bamba gumu. Kulungu hawakuweza kulivunja. Kufikia mwisho wa msimu ule kulungu wapatao 61,000 walikuwa wamekufa kwa njaa, chakula kikiwa chini ya kwato zao.

Upande wa jangwa, mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilimwaga mvua kwenye Rub al Khali, lile jangwa kubwa la mchanga la Uarabuni. Nzige wa jangwani hutaga kwenye mchanga wenye unyevu. Walizaliana kizazi baada ya kizazi mahali ambapo hakuna mtu wa kuwaona, wakavuka Yemen na Pembe ya Afrika, na mwisho wa 2019 wakaingia Kenya kwa makundi yaliyofunika jua. Wazee wa Wembere na wa bonde la Malagarasi wanawafahamu nzige wekundu, ambao mazalia yao yamo humuhumu kwetu. Hawa wengine walitoka jangwani kwa sababu jangwa lilipata mvua. Mkulima wa Afrika Mashariki aliyefundishwa kwamba jangwa ni jambo la mbali, huku likimla mtama, hajafundishwa vizuri.

Tundra nayo si ya mbali. Mimea yake ikifa haiozi upesi kwa sababu ya baridi, kwa hiyo imejilundika ardhini tangu zama za kale. Ardhi iliyoganda ya kaskazini inakadiriwa kuhifadhi tani bilioni 1,500 hivi za kaboni, karibu mara mbili ya kaboni iliyo hewani leo, na Aktiki inapata joto mara tatu hadi nne kuliko wastani wa dunia. Ikiyeyuka, hewa ukaa na methani, gesi zinazoongeza joto la dunia, zinatoka, na hewa hiyo ni moja na hii ya Tabora. Wapo pia wageni wanaotuunganisha moja kwa moja: vindege wadogo wa ukingoni mwa maji wanaoonekana katika maeneo ya majimaji ya Tanzania wakati kaskazini ni baridi. Baadhi yao huzaliana tundra mwezi Juni na Julai, kisha hupita juu ya majangwa kuja kula kwetu. Ndege mwenye uzito usiozidi barua anaijua njia hiyo yote.

Mhariri, hoja hii inanikera zaidi kwa sababu ya maneno ninayoyasikia hapa mkoani kila ifikapo tarehe 17 Juni, siku ya kupambana na kuenea kwa jangwa na ukame. Msemaji hushika kipaza sauti na kusema Tabora inageuka Sahara. Nia ni njema. Miyombo na mininga inakatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku, kwa mkaa, kwa mashamba mapya, na yeyote aliyewahi kwenda Urambo au Sikonge miaka ya nyuma akarudi leo anauona uharibifu kwa macho. Lakini Sahara iko pale ilipo kwa sababu ya hewa inayoshuka. Sisi tuko digrii 5 kusini mwa ikweta, na jua la utosi hutupitia mara mbili kwa mwaka. Kukata msitu kunaweza kuchezea mvua yetu, lakini hakutuhamishii chini ya anga la Khartoum.

Kinachotupata ni kingine, na kingepaswa kutajwa kwa jina lake. Milimita 900 zinaendelea kuja, ila zinakuta ardhi wazi. Badala ya kuzama zinakimbia, zinabeba udongo wa juu, zinaujaza mabwawani, na kufikia Agosti visima vimekauka kabla ya wakati. Nyuki hawana maua. Mkulima aliyeambiwa kuwa anakuwa jangwa hungoja mvua ikatike. Msimu unaofuata inanyesha mpaka madaraja yanasombwa, naye anahitimisha kwamba wale wa mazingira walidanganya, anachukua shoka. Nimewasikia wakisema hivyo, watu wazima wenye akili zao, na sikuweza kuwalaumu, kwa kuwa walipewa kipimo kisicho chao. Wangeambiwa habari ya maji yanayoingia na maji yanayobaki, wangeangalia kisima chao wenyewe na kuelewa.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Gazeti lichape tena somo lile, safari hii likiweka Khartoum, Utqiaġvik na Tabora pamoja, kila mji na mvua yake ya mwezi kwa mwezi na joto lake, ili msomaji alinganishe kwa takwimu. Takwimu hizo ni za wazi na mashirika ya hali ya hewa huzitoa.

Na walimu wa jiografia wasingoje vyombo vya gharama. Kopo la bati lenye kuta zilizonyooka na rula ya milimita vinatosha kuanza, kopo likae mahali pa wazi mbali na mti na paa. Kando yake pawe na beseni la maji lililozungushiwa uzio mbuzi wasilifikie, na mtu mmoja wa zamu asome vyote viwili saa tatu asubuhi na kuandika. Wakianza Oktoba wataona beseni likishuka kila siku na kopo likiwa tupu. Januari wataona kopo likilishinda beseni. Kwa wanafunzi wa shule za manispaa hii walio tayari kufanya hivyo, niko tayari kwenda kuwaonyesha jinsi ya kusoma alama bila kukosea nusu milimita, na sihitaji nauli wala posho.

Mpimaji mstaafu wa hali ya hewa,
Isevya, Tabora